Sifuri Waliyoisahau

Jumatatu, 2 Juni
Meli imebakiza siku kumi. Kucha nimezimaliza kwa kutafuna. Siri hii hata mke wangu haijui.

Nililiona gari kwenye mtandao wa Wajapani. Linavuta kwa magurudumu yote manne, matairi yana meno, bomba la hewa linapanda hadi paani. Dude! Limepigwa picha peke yake uwanjani, limetuna kwa hasira. Injini wameandika cc 660. Dude lile? Wamesahau sifuri! Ni 6600, na bei wamepanga ya 660. Wajinga ndio waliwao. Nikalipia palepale. Sikuuliza swali hata moja. Ukiuliza, unawaamsha.

Ili kulinunua niliuza kigari ambacho mke wangu alikuwa akisambazia keki zake. Nikamwahidi kwamba keki ya harusi ya Jumamosi, tarehe 14, ngazi tano, itasafiri kifalme. Akasema sawa, ila keki ikikosa ukumbi, mimi nitakosa nyumba. Anatania. Nadhani.

Jumatano, 4 Juni
Ujumbe kutoka Japani! Simu ikaniponyoka, ikatumbukia kwenye beseni la unga. Wamegundua! Wanalitaka gari lao! Nikafungua kwa kidole kimoja. Wananitakia matumizi mema. Mtego huo. Sikujibu.

Mke wangu ameshika futi, anataka kujua boksi la keki litaingia upande gani. Akasema atawaandikia Wajapani mwenyewe awaulize vipimo. Nikampokonya simu. Ananiangalia vibaya tangu asubuhi.

Ijumaa, 6 Juni
Geti letu ni jembamba mno kwa cc 6600. Nimemwita fundi mwashi avunje nguzo. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwambia avunje! Sasa ukuta una pengo, mbwa wote wa mtaa wanapita uani.

Jirani yangu, yule ninayemwita Taa Nane kwa sababu ya taa alizopanga juu ya gari lake, akachungulia. Akauliza kwa upole kama naleta gari au naleta na meli yake. Wivu tu!

Alhamisi, 12 Juni
Bandarini. Jasho hadi kwenye soksi. Mimi na wakala wa forodha tukapita penye pua za magari, nusu za mbele tupu, zimekatwa katikati kama mikate. Akasema huletwa hivyo kwa ajili ya injini, nyuma hakuna kitu. Nikawahurumia wanaonunua bila kutazama.

Dude langu silioni. Nilikuwa natazama juu. Wakala akanielekeza chini, kati ya malori mawili.

Kila kitu kipo. Meno, bomba la hewa, hata hasira. Lakini nikinyoosha mikono nagusa ubavu huu na ule! Wakala akanieleza polepole, kama anayezungumza na mfiwa, kwamba 660 ni 660, na kwamba kule hutengeneza vigari vidogo hivi kwa makusudi.

Nimeingia nyumbani kupitia pengo. Vingepita viwili sambamba. Taa Nane akakitazama kigari, akauliza mama yake anakuja lini.  Mke wangu alikwenda kuchukua futi. Naogopa.

Jumamosi, 14 Juni
Boksi kubwa limegoma kwa upana wa vidole viwili. Harusi saa nane, na sasa ni saa sita! Nikapendekeza tuipunguze keki pembeni. Mke wangu akaniomba spana. Nikarudi nyuma hatua tatu.

Akafungua kiti cha abiria, kiti changu mimi, akakitoa nje. Boksi likaingia. Akaondoka. Nikabaki uani nimekalia kiti, nikisubiri simu, roho mkononi.

Saa kumi amerudi anaimba. Kigari kilipenya foleni yote na kuegeshwa mlangoni mwa ukumbi. Amekipenda! Sasa ni chake. Kiti hakirudi, amesema, na nimshukuru Mungu kwamba nyumbani kuna viti.

Jumapili, 15 Juni
Nimekalia kiti changu uani. Kinastarehesha. Nimefungua mtandao wa Wajapani, kutazama tu.

Gari la familia la mgongo mrefu, lenye mbio za kutisha. Bei haifiki hata nusu! Picha sita, zote za mbele. Nyuma wamesahau kupiga. Wazembe hawa hawaponi!

Jikoni kuna oveni mbili. Ya pili mke wangu haitumii kila siku.

Sitauliza swali hata moja.