Masikio Mawili ya Admirali

Jumatatu, 1 Machi 1948

Nimeamua. Mwenyekiti wa Chama cha Wafugaji Sungura wa Mtaa wa Holunder nitakuwa mimi, Waldemar Pachulke, na si shemeji yangu Bruno. Miaka kumi na miwili nimekuwa katibu. Daftari naandika mimi, mhuri natunza mimi, katiba yenye vifungu arobaini na saba ninayo kichwani. Kazi ya Bruno ni kugonga meza na kutangaza kikao kimefunguliwa. Hata mbuzi angeweza, mradi apewe nyundo.

Uchaguzi ni Jumamosi ya tarehe 13. Wanachama tuko kumi na watatu. Sita tunaishi upande huu wa barabara, Neukölln, sehemu ya jiji inayotawaliwa na Wamarekani tangu vita viishe. Sita wako upande wa pili, Treptow, kwa Warusi, na Bruno ni mmoja wao. Wa kumi na tatu ni mjane Bi Zabel, ambaye nyumba yake iko kwetu, bustani yake ya kabichi iko kwao, na hajapata kukubaliana na mtu yeyote.

Nimemweleza mke wangu Trude, ambaye ni dada yake Bruno. (Siku ya kuposa sijui akili yangu ilikuwa wapi.) Kasema habari za uenyekiti hazimhusu. Linalomhusu ni Admirali. Admirali ni dume letu, kijivu, kilo saba, sungura pekee wa mbegu kubwa aliyebaki mtaani baada ya vita. Ni mali ya chama. Wiki moja hukaa kwangu, wiki moja kwa Bruno, na kila Jumamosi tunakabidhiana katikati ya barabara kwa hati. Kuna majike manne, mawili kwetu na mawili kwao. Trude kasema wazi: yasiposhika mimba kabla ya Pasaka, Admirali anaingia chunguni, maana yeye hafugi wageni waheshimiwa wakati watu wanakula maganda ya viazi. Pasaka ni tarehe 28. Nimemwambia atulie, muda upo tele.

Jumanne, 2 Machi

Nimekaa najiuliza uadui huu ulianza lini. Wakati wa vita mimi na Bruno tulikuwa chanda na pete. Adui alikuwa mmoja, Kulicke, balozi wa chama tawala mtaani kwetu, aliyetaka kumpika Admirali kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Kiongozi wake. Tukamficha Admirali kwenye bafu la Bruno, chini ya nguo chafu. Mabomu yakianza nilikuwa nambeba ndani ya koti hadi handakini, moyo wake unadunda juu ya wangu, na Bruno anatufunika wote wawili kwa blanketi lake.

Mwaka 45 Kulicke alitoroka akiwa amevaa gauni la mkewe. Tulikumbatiana. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha tukakaa, tukatazamana, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumchukia pamoja. Haikupita wiki nikagundua kwamba Bruno anatafuna kwa sauti.

Alhamisi, 4 Machi

Bruno ameanza kampeni. Anapita nyumba kwa nyumba akisema sungura wote wajengewe banda moja kubwa, majani yawe ya wote, na kila mmoja ale kadiri ya njaa yake. Mimi nimeanza yangu jioni hiyohiyo: kila sungura na tundu lake, mlango wake, na jina lake juu ya mlango. Nimesema kwa uchungu hadi mimi mwenyewe nikaguswa.

Tatizo dogo. Daftari la Januari linaonyesha kwamba banda moja lilikuwa wazo langu, na Bruno alilipinga akidai litakula mbao zote. Nimebandika karatasi juu ya ukurasa huo. Trude kaniuliza gundi nimepata wapi, mbona unga wa supu umepungua.

Jumamosi, 6 Machi

Siku ya kumkabidhi Admirali. Wiki nzima alikuwa kwetu na hakupanda jike hata moja. Si kosa lake. Kifungu cha 31 kinataka ratiba ya kupandisha iwe na saini ya mwenyekiti na mhuri wa katibu. Bruno hasaini ratiba inayoanza na majike yetu. Mimi sigongi mhuri kwenye ratiba inayoanza na ya kwao. Admirali alishinda amesimama kwa miguu ya nyuma akichungulia tundu la Hedwig, jike letu kubwa, na kugongagonga sakafu.

Trude kasema angefungua tu mlango. Nikamuuliza, bila ratiba? Akaenda kuongea na wifi yake Lotte, mke wa Bruno. Sasa wanawake hawa wawili wanakutana kila siku. Wana lao jambo.

Jumatatu, 8 Machi

Mpango mkubwa! Nimekwenda ofisi ya Wamarekani kuomba kibali na msaada. Nilimwambia sajini, kupitia mkalimani, kwamba ninapigania uhuru wa sungura. Akapiga miayo. Akanipa fomu zenye maswali mia moja thelathini na moja, moja kwa kila mwanachama, kuuliza kama tuliwahi kuwa wafuasi wa Kulicke na wenzake.

Hapo nikajikwaa. Mwaka 43 nilimwandikisha Admirali kuwa mwanachama namba 14, ili awe na haki ya kuingia handakini. Mkalimani akasoma orodha ya wanachama wetu. Sajini akaacha kupiga miayo. Nusu saa nzima walitaka kujua Admirali huyu aliongoza meli zipi na sasa amejificha wapi. Nikajibu kweli tupu: hajawahi kuona bahari, na wiki hii yuko kwa shemeji, upande wa Warusi.

Sajini akasema mtu wa namna hiyo lazima arudishwe upande huu haraka. Akanipa katoni nzima ya unga wa mayai. Nilitaka kumweleza kwamba ni sungura, lakini katoni ilikuwa tayari mikononi mwangu.

Jumatano, 10 Machi

Maneno yamevuka barabara. Bruno amekwenda kwa kapteni wa Kirusi kusema Wamarekani wanamtaka Admirali. Kapteni hakuuliza Admirali ni nani. Kama wanamtaka, basi ni muhimu. Bruno amepewa magunia mawili ya karoti, kitambaa chekundu cha kupamba banda, na askari mwenye bunduki wa kusimama mlangoni.

Nimewapa sungura wetu unga wa mayai. Wamepiga chafya hadi jioni. Kinyozi wa upande wetu kaonekana akitoka kwa Bruno na shavu limevimba karoti. Nilipomuuliza, kasema ni jino.

Mbaya zaidi: Bruno amemchora Admirali sikio la kulia kwa sindano na wino, neno UMMA. Sikio! Bila kikao! Sijapata hasira ya namna hii tangu Kulicke.

Jumamosi, 13 Machi

Uchaguzi. Baa ya Rohloff iko mwisho wa mtaa, na nimepiga mahesabu: mpaka wa Wamarekani na Warusi unapita katikati ya ukumbi wake. Nikawahi mapema na chaki na kamba, nikachora mstari sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye mapipa. Meza yenye sanduku la kura ikaangukia upande wetu. Bahati tu.

Bruno akaingia, akatazama chini, akauliza, “Shemeji, ukumbi umeugua nini?” Nikasema hiyo ni jiografia. Akasema watu wake hawaendi nchi ya kigeni kupiga kura. Nikasema hakuna aliyewakataza kuvuka. Akasema hivyo ndivyo inavyoanzaga. Akavuta meza. Nikairudisha. Akavuta tena. Mwishowe meza ikasimama juu ya mstari, miguu miwili kwake, miwili kwangu, na kila aliyetaka kupiga kura alinyoosha mkono mpaka bega likauma.

Matokeo: Bruno sita, mimi sita, Admirali moja. Bi Zabel hakuficha. Kasema katika chama hiki kizima Admirali ndiye pekee ambaye hajafungua mdomo. Na kwa kuwa ni mwanachama namba 14, kwa katiba yetu anachagulika, kura ni halali. Niliandika kifungu hicho mimi mwenyewe.

Bruno akachukua nyundo yake, watu wake watano, na viti walivyokuja navyo, akatoka. Nikatangaza papo hapo kwamba sisi ni Chama Huru cha Wafugaji Sungura na mimi ni mwenyekiti. Nikageuka nipigiwe makofi na mke wangu. Trude hakuwepo. Lotte naye hakuwepo. Bi Zabel alikuwa ameshaondoka, ana haraka, kasema ana wageni.

Jumatatu, 15 Machi

Jumamosi Admirali hakurudishwa. Bruno kadai hati ina jina la chama ambacho hakipo tena. Nilipanga kumteka kwa kamba, karoti na kinyozi, na nikawa nachora ramani ya shambulio juu ya meza ya jikoni wakati Trude aliponiambia niondoe makaratasi anataka kuweka sufuria. Akavuka barabara akiwa na aproni. Akamwambia askari jambo fulani. Askari akampigia saluti. Akarudi na Admirali kwapani.

Nimemuuliza alisema nini. Kasema alimwambia asogee.

Sasa yuko kwetu. Nimeona neno lile sikioni na roho ikachemka. Nikatafuta sindano, nikanunua chupa ya wino kwa kinyozi, nikamchora sikio la kushoto: HURU. Alinitazama wakati nachora. Hakulia, sungura hawalii, lakini alinitazama. Niliandika haraka zaidi.

Jumapili, 21 Machi

Redio imesema Warusi jana wameinuka na kutoka kwenye kikao cha mataifa manne yanayotawala nchi. Wametuiga! Mtindo ni uleule, hata siku ni Jumamosi. Kama wangeniuliza ningewashauri wabebe viti.

Masikio ya Admirali yamevimba, yote mawili. Yanalala kila moja upande wake, mazito, na hayasimami tena. Nimemfungulia tundu la Hedwig usiku wa jana bila ratiba, bila saini, Mungu anisamehe. Hakuinuka. Hali karoti, hali majani. Trude kamgusa tumbo na masikio, kisha kasema kwa upole, jambo linaloniogopesha, kwamba zimebaki siku saba.

Nimemwandikia Bruno barua nimwombe dawa. Nimeianza kwa kudai kwamba uvimbe ulianzia sikio la kulia. Amejibu kwa kurasa tatu kwamba ulianzia la kushoto. Dawa hakuitaja.

Jumapili, 28 Machi, Pasaka

Trude ametimiza neno lake. Lotte kaleta vitunguu, Trude katoa haradali ya mwisho. Bruno aliitwa, akaja, akakaa mkabala nami bila nyundo. Nyumba ilinukia vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nina njaa tangu mwaka 44. Nilikula.

Bruno naye alikula, machozi yanadondokea mchuzini. Akasema, “Shemeji, unakumbuka moyo wake handakini?” Nikasema nakumbuka, nilikuwa nausikia kuliko wangu. Nikasema nilimpenda yule mnyama kuliko cheo chochote. Akasema hata yeye. Tukashikana mikono juu ya sahani, wazee wawili tunalia, na nikamwambia blanketi lake lilikuwa na joto. Trude akauliza kwa nini hatukusema hayo mwanzoni mwa mwezi.

Jumapili, 11 Aprili

Hedwig ananyofoa manyoya ya kifua chake na kutengeneza kiota. Nimekimbia kumwita Trude. Hakushangaa. Kasema Hedwig ana mimba, mwenzake ana mimba, na wale wawili wa Lotte vilevile. Ile Jumamosi tulipokuwa tunavuta meza kwa Rohloff, yeye na Lotte walibeba majike yote manne hadi kwa Bi Zabel, ambaye ana dume la kahawia, fupi, halina jina, halina ukoo, na lilimaliza kazi kabla chai haijachemka. Nyama ya msimu wa baridi ipo, kasema, kwa nyumba zote mbili. Nikauliza kwa nini basi Admirali alipikwa. Kasema Admirali alikuwa anakufa, na yeye alingojea wiki nzima tuje tumtibu. Alingoja hadi Pasaka.

Nilikaa juu ya ndoo pale bandani muda mrefu. Nimeumia kweli. Nimeapa mbele ya Hedwig kwamba nimekoma, na nilikuwa namaanisha.

Lakini watoto wakizaliwa itabidi waandikishwe, hakuna namna. Mama zao wawili ni wa kwetu, wawili wa kwao, baba nyumba yake Neukölln, kabichi anayokula inatoka Treptow. Kesho kutwa Bruno atawahi, namjua. Nimeangalia kabatini. Chaki ipo. Wino umebaki nusu chupa, na masikio ya watoto ni madogo, utatosha.