Giaboksi Niliyomwapia Bi Nati

Jumatatu, 3 Machi
Aibu! Kifaru, gari langu la fowili, yaani la kuvutwa na magurudumu yote manne, limenasa kwenye tope langoni kwangu mwenyewe. Nimevuta mkono wa fowili. Magurudumu ya nyuma yamerusha tope hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Ya mbele yametulia kama wageni waalikwa. Na Jumamosi lazima nimlete mama mkwe mjini apasuliwe jicho. Nafasi hiyo ameingoja mwaka mzima, na njia ya kwao ni mlima na utelezi mtupu. Mke wangu anasema niite fundi. Wa nini? Ugonjwa nimeshaujua: giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, imekufa.

Shemeji, kaka wa mke wangu, amepita na kigari chake kipya ambacho huo mlima hakiuwezi. Akauliza kama nimeanza kulima mpunga.

Jumatano, 5 Machi
Nimeishusha giaboksi mwenyewe. Imeniangukia kifuani. Sikupiga kelele sana. Majirani wanasema vingine.

Sasa mpango. Bi Nati, muuza spea chakavu, anayo ya gari kama langu, imepakwa rangi ya fedha, inang'aa. Yangu nimeiosha kwa sabuni ya vyombo, nikampelekea tubadilishane. Nikamwapia kwamba ni nzima kama siku ilipotoka kiwandani. Akaizungusha, akanusa oili, akanitazama. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikaapa upya. Akakubali! Nimecheka peke yangu njia nzima. Maskini mama wa watu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeifunga, nikawasha gari likiwa juu ya jeki. Magurudumu ya mbele bado hayazunguki! Nimelala chini ya gari nusu saa, nimeduwaa.

Shemeji akatokea, hakualikwa, na shati jeupe. Akachuchumaa, akashika kile kizibo cha katikati ya gurudumu la mbele kwa vidole viwili, akakizungusha. Kra! Upande wa pili, kra! Akaniambia niwashe. Yote manne yakazunguka.

Miaka sita nimedhani vile vizibo ni mapambo. Nimevisugua kwa dawa ya meno! Kumbe ndivyo vinavyoshikisha magurudumu ya mbele. Usipovizungusha, fowili ni jina tu.

Kwa hiyo giaboksi yangu... Hapana. Hapana! Ilikuwa nzima!

Nimekimbia kwa Bi Nati na kandambili. Ameshaifunga kwenye pikapu yake. Nikamwambia nilikosea, ni mbovu, ya hatari, nimekuja kumwokoa. Hakuinua hata sauti.

"Kaka, uliniapia ni nzima. Nikakuamini."

Nikauliza aliyonipa yeye ina nini. Akasema hilo sikumuuliza.

Jumamosi, 8 Machi
Ubovu wa giaboksi ya Bi Nati nimeujua leo, katikati ya mlima: ikiona mwinuko inaachia gia. Tukaanza kurudi nyuma taratibu. Halafu si taratibu. Mtaro ukatupokea. Mke wangu, aliyekaa kando yangu, akatoka garini kwa kupitia dirishani, akanipa mgongo, akapiga simu moja tu.

Baada ya saa nzima pikapu ikatupita, inapanda kama mbuzi, Bi Nati kwenye usukani. Iliposhuka, mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, mkoba magotini. Akanitazama kwa lile jicho linaloona.

"Mwanangu, huko mtaroni unatafuta nini?"

Nikajifanya nakagua tairi.

Jumanne, 11 Machi
Jicho limepasuliwa salama. Mama mkwe hamalizi kuisifu pikapu, eti ilipanda hata mkoba haukutikisika. Nimevumilia, lakini haki ni haki: amebebwa na giaboksi yangu. Kwa hiyo nimemleta mimi. Nimemfafanulia mke wangu; ametoka chumbani nikiwa katikati ya sentensi.

Kifaru limevutwa nyumbani. Ekseli ya mbele imepinda, inalia kama paka. Wacha ilie. Nimesikia kesho Bi Nati anasafiri na dukani anabaki mumewe, mtu mpole, mwenye miwani minene, anayeamini kila anachoambiwa. Nitaamka mapema, niifungue ekseli, niioshe kwa sabuni ya vyombo, niondoke nayo kabla Shemeji hajaja kuzungusha kitu kingine.