Amana Kwenye Buti la Wembe

Redio ya Mama Kahawa ilikuwa haijamaliza kutangaza kwamba mafuta ya gari yamepanda tena, Profesa ameshaidaka habari na kuanza kuichambua. Huyu hakuwahi kufundisha popote, alikuwa karani mstaafu, ila kijiweni watu humpa mtu cheo kwa wingi wa maneno. Akazilaumu serikali zote, akaja kwa wenye meli, akamalizia kwa wanawake wanaopenda kupelekwa sokoni kwa gari. Mama Kahawa akamwambia anywe kahawa kabla haijapoa, maana yeye sokoni huenda kwa miguu na hajawahi kukutana na wanawake hao njiani.

Wembe, kinyozi wa jirani, alikuwa kimya. Na Wembe akinyamaza ujue kuna jambo, maana huyo hata akikunyoa ndevu anaongea mpaka unaogopa kumjibu.

"Jumamosi nampeleka mama watoto kwa mama yake," akasema mwishowe. "Kasema tenki moja tu, kwenda na kurudi. Likikauka njiani, gari anampa kaka yake akafugie kuku."

Gari lile kuukuu ndilo lililomleta mtoto wa kwanza wa Wembe nyumbani kutoka hospitali, na ndilo gari pekee ambalo kijiwe kizima kiliweza kulipanda bila aibu. Lakini lilikuwa linakunywa jamani, linakunywa kama limetumwa.

Profesa akashauri mteremkoni injini izimwe, gari lishuke bure. Fundi Spana akamuuliza kama anataka kumfanya mke wa Wembe mjane, kwani injini ikizimwa breki zinakuwa ngumu, na usukani ndio usiseme. Kisha Spana akainuka, jambo lililomshtua Mama Kahawa, kwa sababu fundi huyo alikuwa ameahidi kuliangalia gari hilo tangu mvua za mwaka juzi.

Alifungua boneti. Chujio la hewa lilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mihogo. Plagi zimejaa masizi, matairi yamelegea, na breki moja ya nyuma ilikuwa inang'ang'ania gurudumu.

"Ndugu yangu, wewe unaendesha gari huku limevuta breki," Spana akasema. "Lisile mafuta lina wazimu?"

Vikabadilishwa vya kubadilishwa, upepo ukajazwa, breki ikaachia. Alhamisi Wembe akazunguka nalo mjini, akarudi uso umemshuka. Nafuu ipo, alisema, lakini mshale bado unakimbilia chini, na Jumamosi ni keshokutwa. Alikuwa karibu kulia, wala hakuficha. Profesa akahitimisha kwamba ulevi wa gari lile ni wa kuzaliwa, hauna dawa.

Spana akataka jeki aliangalie tena lile gurudumu. Wembe akafungua buti, na wote wakachungulia.

Chini kabisa ililala giaboksi mbovu ya Spana mwenyewe, aliyoomba kuiweka siku mbili, enzi hizo Profesa bado ana nywele. Juu yake marobota ya magazeti ya Profesa, yale ambayo mkewe alikataa kulala nayo nyumba moja. Pembeni, jiko la chuma la Mama Kahawa lililopasuka, pamoja na mawe matatu ya mafiga yake ya zamani. Kila mmoja akatambua mali yake na kila mmoja akatazama kwingine.

"Sasa Wembe, miaka yote hii husemi?" Mama Kahawa akauliza.

"Ningesemaje, mama yangu? Mtu kakuletea amana, utamwambia kachukue? Amana haikataliwi."

Walishusha mizigo bila kutaniana, na gari likainuka kwa nyuma kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Ijumaa Wembe akalijaribu tena, na safari hii alirudi akipiga mluzi.

Jumatatu wakamngoja. Profesa alikuja mapema na robota moja kwapani, dogo tu, la siku mbili. Spana alikuwa amekalia kitu kilichofunikwa gunia. Gari likaingia polepole, kitako chake kikikaribia kukwaruza ardhi.

Wembe akashuka. Lilifika na kurudi, akasema, ingawa mita za mwisho mshale ulikuwa umelala kabisa. Mama watoto amefurahi, habari ya kuku imekwisha.

"Na huko nyuma kuna nini?" Spana akauliza.

Wembe akavuta kiti, akaomba kahawa kwanza.

"Cherehani. Kile cha kukanyaga, chuma kitupu. Mama mkwe kasema nimtunzie, atakuja kukichukua."

Profesa akalisukuma robota lake chini ya benchi, taratibu, kwa mguu.