Kila Badiliko Lina Fomu Yake

Jumanne, 1 Julai 2025

Ukungu tangu asubuhi. Duka limeuza mto mmoja. Si godoro. Mto.

Lakini leo nimekata bima ya gari! Siku hii naisubiri mwaka mzima, maana wakala wa bima ni Mwanaharusi, na Mwanaharusi alikuwa mke wangu. Nilimwacha miaka mitatu iliyopita kwa hasira za nusu saa. Alilalamika kwamba nimeuza cherehani yake ili niagize mashine ya kukamua mafuta ya parachichi. (Mashine haijafika mpaka leo.) Talaka moja tu! Ningeweza kumrudia kabla ya eda kwisha. Nikasubiri aniombe radhi. Eda ikaisha.

Mjini tunakutana, ndiyo. Salamu, kisha anapita. Kuketi naye ni mara moja kwa mwaka, dakika kumi na mbili, meza katikati.

Leo, ili nichelewe kuondoka, nimeisoma fomu. Mara ya kwanza maishani. Kifungu cha tisa: mteja akibadilisha chochote kwenye gari, iwe rimu, betri au nguvu ya mota, afike mwenyewe kwa wakala, ajaze fomu, gari likaguliwe, ada ipangwe upya. Nikauliza kama ni lazima mteja afike mwenyewe. Akasema ni lazima. Nikauliza inachukua muda gani. Akasema si chini ya nusu saa.

Nusu saa!

Gari langu ni la umeme, mtumba wa Japani, la pekee hapa Makandana, Tukuyu. Nilidhani nimelinunua ili kukwepa bei ya petroli. Kumbe lilikuja kwa kazi kubwa zaidi.

Alhamisi, 3 Julai

Rimu pana, nyeusi, zimefungwa na Meshaki, fundi wa Kiwira. Gari linafanana na babu aliyevaa raba za mjukuu.

Mwanaharusi alishuka ngazi za ofisi yake, akalizunguka. Koti la kijivu, lile la wakati wetu. Akapiga picha tairi zote nne, kisha akanitazama.

"Alawi, wewe unauza magodoro. Rimu hizi za nini?"

Nikasema ni usalama kwenye kona. Akaandika "usalama" kwa mwandiko wake ule, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi penye upepo. Akaeleza kwamba rimu zinaongeza thamani ya gari, na pia zinavuta wezi, kwa hiyo ada inapanda kidogo. Nikasema sawa. Akauliza kama ninakula vizuri. Nikasema ninakula. (Nilikula mkate jana.)

Dakika thelathini na nne. Nyongeza ni bei ya godoro moja dogo. Rahisi mno!

Ijumaa, 4 Julai

Hasheem!

Anauza mabati na saruji. Mkewe alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Ana Fuso tatu. Leo baada ya swala ametangaza mbele ya watu kwamba bima za Fuso zote anazihamishia kwa Mwanaharusi, kwani ni wajibu wetu kuwaunga mkono dada zetu. Dada zetu! Fuso tatu ni ziara tatu, bila hata kubadilisha taa.

Na ndevu. Jumatatu zilikuwa nyeupe. Leo zina rangi ya chai ya rangi.

Rimu hazitoshi.

Jumapili, 6 Julai

Kiwira. Meshaki amenifungia kifaa cha pedali. Kiboksi kidogo kama kiberiti, kinakaa kati ya pedali na kompyuta ya gari, kinaidanganya kwamba umekanyaga kwa nguvu kuliko ulivyokanyaga. Nikamuuliza amewahi kufunga vingapi. Akasema hiki. Mtu mkweli.

Nimepanda mlima wa kurudi Tukuyu kama nimetupwa na manati! Na gari lenyewe halina mngurumo. Mama mmoja mwenye ndizi kichwani alisikia upepo tu, akageuka, nimeshapita. Alinitukana kwa Kinyakyusa, sentensi ndefu. Nilielewa neno moja, likatosha.

Jumatatu, 7 Julai

Kanzu ya Idi. Manukato. Maelezo ya kifaa mkononi. Ofisi imefungwa.

Saba Saba! Nchi nzima inajua ni sikukuu isipokuwa mimi.

Nimekaa garini nikitazama dirisha lake la ghorofani. Kikombe chake kiko pale dirishani. Alikuwa anakunywa chai bila sukari, anatia iliki mbili, na moja ananipa nitafune. Tangu aondoke sinunui iliki. Nikipita kwa muuza viungo nabana pua.

Saa nzima. Watu wawili wamenigongea kioo wakidhani gari limekwisha chaji. Nikawaambia linapumzika.

Jumanne, 8 Julai

Leo Mwanaharusi hakuandika haraka. Aliweka kalamu chini. Akasema rimu ni mapambo, lakini hiki ni mwendo. Gari linaloruka kuliko lilivyotengenezwa linahesabiwa kuwa jambo jingine kabisa: ajali zake ni kubwa zaidi, na la umeme likiumia kwa chini, betri peke yake ni karibu nusu ya bei ya gari, na wa kuipima hayuko karibu, ni mpaka Dar es Salaam. Kwa hiyo ada inapanda kwa robo nzima. Na mteja akificha kifaa kama hiki, siku ya ajali halipwi kitu.

Alikuwa anaeleza huku anachora betri kwa penseli. Nilitazama penseli.

"Wateja wote nikiwatajia nyongeza wananuna," akasema. "Wewe unatabasamu. Kwa nini?"

Nikasema naipenda bima.

Akanishauri kwa upole nikitoe, nije nisaini kwamba kimetolewa, ada irudi ilipokuwa. Nikauliza, je, kutoa nako kuna fomu?

Kuna fomu! Aliyebuni bima alikuwa na mapenzi mazito moyoni.

Alhamisi, 10 Julai

Meshaki amekitoa. Nimesaini kwamba kimetolewa. Na nimemiminiwa chai! Kutoka chupa yake mwenyewe! Iliki. Nilishika kikombe mpaka kikapoa, sikutaka kiishe.

Kisha mlango. Hasheem, karatasi za Fuso mbili, na kikapu cha zawadi. Cha parachichi! Mwanaharusi hajaonja parachichi tangu ile mashine yangu. Alishukuru kwa adabu, akakisogeza kwa kiatu mpaka chini ya meza. Furaha yangu haina kipimo. Lakini Hasheem alikalia kiti changu kabla hakijapoa, na mimi nikaondoka, kwa sababu fomu ilikuwa imekwisha.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi nimekwenda Kiwira, Meshaki amekirudisha kifaa. Mpango: Jumatatu nakiandikisha upya. Halafu nakitoa. Halafu nakirudisha. Nusu saa, nusu saa, nusu saa, mpaka uzee.

Saa nane simu imelia. Yeye! Hajanipigia tangu aondoke kwangu. Nimeikimbilia nikagonga goti kwenye kaunta.

Sauti ilikuwa ya chini. Makao makuu ya Mbeya wameuliza inakuwaje gari moja lina fomu tatu za mabadiliko ndani ya wiki moja. Wanahisi wakala anatunga mabadiliko ili apate kamisheni. Kesho wanamtuma mkaguzi. Asiporidhika, uwakala unaondoka.

"Kazi hii nimeijenga mwenyewe, Alawi. Baada yako. Usinivunjie tena."

Ilikuwa nafasi ya kumwambia kwamba kifaa kimerudi garini. Nikasema asijali.

Nimempigia Meshaki aje akitoe. Yuko msibani Masukulu, simu haipatikani. Nimejaribu mwenyewe kwa bisibisi. Nimefanikiwa kuzima redio.

Sijala. Nimeliandika neno "tena" pembeni, nikalifuta.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeteguka.

Mkaguzi anaitwa Hezron. Mfupi, mpole, daftari lenye jalada la ngozi. Akapima rimu mbele ya duka langu. Akaridhika. Mwanaharusi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono ndani ya mifuko ya koti. Hezron akasema twende kidogo, aone linavyotembea.

Nikaikanyaga pedali kama yai. Tukaenda mpaka hospitali, tukageuka, tukarudi. Vizuri kabisa! Alianza hata kunisimulia habari za wanawe. Zimebaki hatua ishirini kufika dukani. Nikamwona Hasheem. Amesimama kando ya Mwanaharusi, ndevu zinang'aa, anamshikia mwavuli. Na mvua haikuwapo!

Mguu ulikanyaga. Sikuuagiza mimi.

Gari liliruka mtaro, likaingia kwenye magodoro yangu niliyoyapanga nje, sita, halafu ukuta. Hakuna aliyeumia zaidi ya mkono wangu. Bampa limeanguka, taa moja inatazama juu, rimu mbili zimekuwa mayai. Kimya. Hata kwenye ajali gari hili halina mngurumo.

Hezron alifuta miwani. Akainama chini ya pedali, akatoka na kiboksi mkononi. Akafungua daftari, akanionyesha saini yangu ya Alhamisi: kimetolewa. Akasema hapa bima hailipi. Nikasema najua, nilielezwa, kwa penseli. Akauliza sasa, je, wakala alijua?

Mwanaharusi alikuwa amevuka barabara. Alinitazama.

Nikaomba karatasi. Nikaandikia juu ya boneti, kwa mkono wa kushoto. Kwamba wakala hakujua lolote, alinionya mara zote, kosa ni langu. Hezron akasema bado hajaelewa sababu, mtu anaongezaje ada yake mwenyewe kwa makusudi? Nikaongeza mstari: "Sababu ya mabadiliko yote: kumwona wakala."

Aliusoma mara mbili. Akauliza kama nina hakika na maneno hayo. Nikasema nina hakika tangu eda ilipoisha. Akaikunja karatasi taratibu sana, akaitia mfuko wa shati, si ndani ya daftari.

Jumatano, 16 Julai

Gari liko Kiwira kwa Meshaki, kwa gharama zangu. Nauza magodoro yenye alama za tairi kwa bei ya chini.

Saa kumi Mwanaharusi ameingia dukani. Dukani kwangu! Akabaki amesimama kati ya magodoro.

"Mimi wamenisafisha," akasema. "Gari lako wamelifuta."

Nikasema yote mawili ni haki. Akasema Hezron amemsomea karatasi yangu kwa simu, na kwamba alipofika mstari wa mwisho ilimbidi akohoe.

"Miaka mitatu, Alawi. Ofisi iko wazi saa mbili mpaka saa kumi. Ungepanda ngazi useme, Mwanaharusi, nilikosea. Hilo halina fomu."

Nikasimama. Nikasema, "Mwanaharusi, nilikosea." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine. Nikaongeza, "Na cherehani pia."

"Cherehani ndiyo ya kwanza," akasema.

Hakutabasamu. Lakini hakuondoka mara moja. Alibonyeza godoro moja kwa kiganja, lile la inchi nane, kama mteja. Akasema kama nina neno nilipeleke kwa kaka yake Anwari, Jumapili, na niende kwa miguu.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda kwa miguu, nimebeba cherehani kichwani. Mpya. Shingo haigeuki.

Anwari alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema hatanificha, Hasheem naye ameleta neno. Jibu ni baada ya Maulidi, na jibu ni la Mwanaharusi, si lake. Kisha akauliza safari hii nimebadilisha nini. Nikasema nimebadilika mimi. Hapo, nyuma ya pazia, mtu akacheka. Kicheko kimoja, kifupi, akajizuia. Miaka mitatu sijakisikia kicheko hicho! Nimerudi nacho njia nzima, napita watu bila kuwaona.

Sharti ni moja: mpaka Maulidi nisikanyage ofisini kwake na karatasi yoyote ya gari. Nimeapa mbele ya Anwari, kwa moyo wangu wote. Mtu mzima lazima afike mahali ajifunze.

Karibu wiki saba. Wiki saba!

Wakati wa kurudi nilipita chini ya dirisha lake, kwa kuwa ni njia. Wamebandika tangazo jipya mlangoni. Bima ya maduka, moto na wizi. Mwenye duka akiingiza bidhaa yoyote ya hatari, afike mwenyewe kwa wakala kutoa taarifa.

Niliapa kuhusu gari. Duka halikutajwa.

Kesho naagiza majiko ya gesi. Nitayapanga katikati ya magodoro.