Mgeni Rasmi Ashangae Kwanza

"Wananchi wote wa Kigwa na vitongoji vyake mnatangaziwa kwamba, kuanzia leo, ni marufuku kwa mtu yeyote kushangaa picha za anga kabla mgeni rasmi hajashangaa. Atakayeshangaa mapema atahesabika amevuruga ratiba."

Tangazo hilo lilipigwa kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye bodaboda, likazunguka kutoka stesheni mpaka kwenye mashamba ya tumbaku. Aliyelitunga ni Bwana Emilian, Kaimu Mratibu wa Mshangao wa Wananchi. Msicheke. Kazi hiyo ipo, ina ofisi, na ofisi ina pazia. Kilichomkera Emilian ni hilo neno Kaimu. Alikuwa amekaimu mpaka watu wa sokoni wakimwona wanamwamkia, "Shikamoo Bwana Kaimu," naye anaitika "Marahaba" huku roho inamuuma. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni kuthibitishwa kazini.

Na tusimwonee, maana mshangao ulikuwa umezidi kweli. Ulianzia kwa Hafsa, kwenye kibanda umiza chake cha karibu na stesheni, pale watu wanapobanana kutazama mpira. Siku moja matangazo yalikatika katikati ya mechi. Hafsa, ili wateja wasimkimbie, akaweka kwenye runinga picha alizotumiwa kwa simu, zilizopigwa na darubini inayoelea huko juu, mbali kuliko mwezi. Basi! Mpira uliporudi, watu wakaukataa.

Mzee Wilbroad, mkulima wa tumbaku, alilitazama wingu jekundu la vumbi ambamo nyota zinazaliwa, akatoa uamuzi wake hapohapo. "Huo ni moshi wa bani. Huko juu kuna mtu anakausha tumbaku yake, na moto kauzidisha." Ilipoonyeshwa darubini yenyewe, na vioo vyake vya dhahabu vyenye pembe sita sita, warina asali wakasimama wote. "Sega hilo! Sasa nani kaenda kutundika mzinga huko, na atapandaje kurina?" Wakabishana mpaka ugali ukapoa majumbani. Wanawake waliotumwa mashineni walirudi bila unga, na hakuna mume aliyethubutu kuuliza, kwa kuwa naye alikuwa hukohuko.

Habari zikafika juu kwamba Kigwa watu wanashangaa holela. Mkubwa mmoja akauliza kikaoni, "Wanashangaaje wakati sisi bado hatujashangaa?" Swali likakosa jibu, kwa hiyo ikaundwa kamati. Kamati ikakifunga kibanda cha Hafsa, ikaagiza picha nzuri kuliko zote ibandikwe kwenye ubao wa mninga wenye kimo cha mlango, ufunikwe kitambaa cha kijani, na uzinduliwe na Bwana Adinani Mwinyimvua kutoka Dar es Salaam. Siku ikipita bila kasoro, Bwana Adinani angemthibitisha Emilian palepale jukwaani.

Sasa sikilizeni uadilifu. Emilian mwenyewe alikuwa hajaiona hiyo picha. Wenye roho mbaya walisema lazima alichungulia. Hata! Ubao ulipoletwa aliupokea amefumba macho, akaupapasa pembe zote nne, akasema, "Upo." Jicho lilimwasha kweli, lakini alivumilia.

Hafsa alimfuata ofisini. "Kaka Emilian, nifungulie kibanda changu. Wateja wote wamenipotea."

"Dada Hafsa, kibanda chako hakijafungwa. Kimehifadhiwa."

"Kina kufuli!"

"Ndiko kuhifadhi kwenyewe."

Hafsa akamtazama. "Na wewe picha umeiona?"

"Mimi? Nishangae nikiwa kaimu? Mungu apishe mbali!"

"Masikini. Basi nikueleze kidogo. Ukiitazama pale juu kushoto..."

"Usinieleze!" Emilian akaziba masikio kwa mikono miwili, na Hafsa akatoka anatikisa kichwa. Alikuja kugomba, lakini aliondoka akimwonea huruma.

Siku ya uzinduzi kila kitu kilikuwa kimepangwa. Wananchi walifanyishwa mazoezi ya kushangaa: mdomo wazi kiasi, mikono kifuani, kisha "Loo!" moja ya pamoja. Kwaya ya Wamoravian ilipangiwa kushangaa kwa sauti nne. Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi, kwa hiyo alifika alasiri, na hapo ndipo Emilian alipotenda kosa ambalo mtu wa hapa asingelitenda hata akiwa na homa. Yeye ni mtu wa kuja, kwao ni kando ya ziwa. Alimchagua Bi Paskazia ampe mgeni maua kwa sababu ana meno mazuri. Hakuuliza mgeni ni kabila gani.

Bi Paskazia, Mnyamwezi wa Kigwa aliyekunywa maji ya hapahapa tangu azaliwe, alinyoosha maua, kisha akayarudisha. "Mwinyimvua? Wewe si Mzaramo wewe?"

"Mzaramo wa Kisarawe, bibi. Shikamoo."

"Shikamoo nini? Mtani wangu!" Maua yakaruka huko.

Hapa kila mtu anajua. Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, walipita kwa Wazaramo, wengine wakaoa huko, wengine wakazikwa huko, na utani ukazaliwa. Mtani anaweza kukucheka kwenye msiba wa baba yako. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

"Babu yangu," alisema Bi Paskazia, mikono kiunoni, "alibeba pembe za ndovu za watu mpaka kwenu, mkampa maji ya chumvi. Leo wewe unakuja kwangu kwa gari la kiyoyozi, ufunue kitu, ushangae, uondoke? Thubutu! Mpagazi leo ni wewe. Mtieni ngata!"

Umati ulilipuka kwa vigelegele. Emilian akakimbilia katikati, ratiba mkononi. "Bibi, hicho hakimo!" Hakuna aliyemsikia.

Bwana Adinani aliwatazama walinzi wake, nao wakatazama reli. Mkubwa alikuwa mkubwa, lakini alikuwa amelelewa. Kumnunia mtani! Habari ingefika Kisarawe kabla yake. Akavua koti. "Haya, mtani, nipe mzigo. Lakini siku nikija kukuzika, nitakuzika na viatu vyangu vibovu!"

"Wabeja!" alishukuru Bi Paskazia kwa Kinyamwezi, akakivuta kile kitambaa cha kijani, akakisokota ngata, akamwekea mgeni kichwani. Juu ya ngata wakausimamisha ubao wa mninga, picha ikitazama mbele. Uzinduzi ukawa umefanyika.

Watu wote wa Kigwa waliiona ile picha ikiwaka juani, mawingu ya dhahabu, nyota zimemwagika kama mtama uliopasuka gunia, na wote wakaziba midomo yao, mashavu yamevimba, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa hajashangaa. Angeshangaaje? Alikuwa chini yake.

"Bwana Kaimu!" Mzee Wilbroad alisema kwa taabu, vidole mdomoni. "Mgeni haoni kitu. Tufanyeje?"

Emilian alikuwa amesimama nyuma ya ubao, uso chini, asije akaona kwa bahati mbaya. Alifikiri kwa kina. "Endeleeni kuzuia," aliagiza.

Msafara ukaondoka stesheni, ukashika njia ya kwenda Goweko, stesheni inayofuata. Bwana Adinani mbele, shingo imezama mabegani, Bi Paskazia akimwongoza, Emilian nyuma akiutazama mgongo wa ubao. Mbele yao watu walitembea kinyumenyume ili wasiipoteze picha, wakajikwaa, wakaangukiana, wakainuka bila kugeuza macho. Walijitahidi, nawaambia kweli walijitahidi. Kisha mwimbaji mmoja wa besi akashindwa. "Looo!" ikamtoka kutoka tumboni, sauti ya kwanza ikamdaka, na Kigwa nzima ikashangaa kwa kishindo. Watu wakarukaruka, wakakumbatiana. Hafsa alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka.

"Acheni! Acheni jamani!" Emilian naye alikuwa akilia, ila yeye hakuwa akicheka. Kasoro zote hizi, na cheo chake je?

Hapo ndipo mgeni rasmi, jasho likimwingia machoni, aliponguruma. "Emilian! Nitue mzigo huu! Ukinitua nakuthibitisha sasa hivi, mbele ya mashahidi!"

Emilian hakusubiri arudie. Alijipenyeza, macho chini, mikono juu.

"Mzigo wa mpagazi hauwekwi chini njiani," Bi Paskazia alimwonya. "Unapokelewa kwa kichwa."

"Napokea!"

Bwana Adinani akainama, ngata ikahama, ubao ukahama. "Amethibitishwa!" alitangaza mkubwa, na watu wakapiga makofi. Akajifuta jasho, akatangulia hatua kadhaa, ndipo akageuka. Alitaka kusema neno la shukrani kwa uongozi. Macho yakakutana na picha.

"Mama yangu wee!" Akakaa chini vumbini na suruali yake ya kupigwa pasi. Alipopata sauti tena, aliuliza kama ziko nyingine, akaambiwa ziko kwa Hafsa nyuma ya kufuli, akawatuma walinzi wakalivunje.

Mratibu kamili wa Mshangao wa Wananchi, shingo imekaza, mikono imeshika pembe za ubao, aliona miguu tu. Kandambili, raba, nyayo zenye magaga, zote zikirudi nyuma polepole mbele yake.

"Jamani," aliita kutoka chini ya mzigo. "Ikoje?"

Kila mmoja alikuwa ameduwaa. Ni Bi Paskazia peke yake aliyemkumbuka, akamgusa mgongoni.

"Tembea, Bwana Mratibu. Goweko hawajaiona."