Mkalimani wa Magram

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata kazi. Mama Scola, mwenye nyumba ya wageni hapa Gungu, anampokea Bwana Zurabi, mtafiti wa konokono wa ziwani kutoka Jojia. Anataka mkalimani. Nikamwambia Kijojia nakijua. Ningefanyaje? Mzee Eliakimu kaapa hatanipa binti yake Marcelina kama sina kazi, na jibu la posa ni Jumapili. Gervasi wa bodaboda akauliza nilijifunzia wapi. Yanamhusu nini?

Jumanne, 4 Juni
Nimeshinda kwenye simu. Lugha ngumu hii, basi tu. Nimechukua maneno ya kupinga peke yake. Magram ni lakini. Tumtsa ni ingawa. Aramed ni bali, unapomkatalia mtu hiki ukampa kile. Kuna na ki, inayojificha nyuma ya neno lake, hiyo nimeiacha. Yanatosha. Kwetu mtu atakusifu weee, kisha aseme lakini, ndipo atoe lililomleta. Nikiisikia magram nimemaliza kazi.

Alhamisi, 6 Juni
Mgeni kafika. Mama Scola kapika migebuka na ugali wa muhogo. Mgeni kaonja, kaongea kirefu, magram, kaongea tena akionyesha samaki. Nikatafsiri: anashukuru, lakini chumvi imezidi. Mama Scola, aliyekuwa jikoni tangu asubuhi, akabeba sahani akaondoka nayo. Mgeni kabaki na tonge mkononi.

Gervasi, kiherehere, akampa mgeni simu aisemeshe. Ikatafsiri yenyewe. Kumbe alisema walimtisha kwamba chakula cha huku kitamshinda, lakini hajawahi kula samaki mtamu hivi. Mtu mzima anaanza na mabaya, anamalizia na mazuri! Wamelelewaje hawa? Kazi kapewa Gervasi. Hata tumtsa haijui.

Jumapili, 9 Juni
Mzee Eliakimu kaniita kwake Mwandiga. Uani wananyonyoa jogoo. Labda wana mgeni. Nikampa shikamoo, nikakaa. Akasema kazi imenishinda siku moja, nimemwongopea Mama Scola, Gungu nzima inanicheka, lakini.

Nikainuka. Mimi si mtoto wa jana, najua kinachofuata lakini. Nikamwambia asijisumbue kumalizia, nikatoka.

Sasa hivi Marcelina katuma ujumbe. Unaanza: “Baba amekasirika ulivyoondoka, lakini”. Sikuendelea. Nimezima simu.