Maharage Meupe Waimbe, Mekundu Wanyamaze

Jumatatu, 11 Julai 1955

Igamba. Baridi kali. Kaka Boazi amepiga marufuku nyimbo shambani! Anasema wanawake wakiimba mikono inalala, kahawa inaoza mitini. Mama akasema wasipoimba ndipo wanalala kabisa. Baba alichoka na kelele. Akanigeukia mimi, niliyemaliza darasa la nane Desemba. Akasema nikiumaliza ubishi huu kwa elimu yangu, Januari nitakwenda kusomea ualimu. Nikishindwa, nitakwenda Kamsamba kulea watoto wa shangazi. Kamsamba! Joto lile, na watoto wale! Nilitaka kujibu. Lakini mimi huona aibu kusema mbele ya watu. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 12 Julai

Nimelikumbuka somo la Mwalimu Damiano, elimu ya nafsi. Jaribio lina makundi mawili. Yafanane kwa kila kitu, isipokuwa jambo moja unalolipima. Na mtu asijichagulie kundi! Kura ichague, la sivyo wepesi wote watakwenda pamoja.

Nikatia maharage kapuni. Wa meupe waimbe, wa mekundu wanyamaze. Nilimnong'oneza Mama, Mama akatangaza. Baba akatoa neno lake mbele ya wachumaji wote: hakuna wa kubadilisha harage. Kisha akachukua la kwake. Jeupe. Akafuata wifi Tabita, mke wa Boazi. Jeupe.

Mama alinivuta kando. Mkwe na mkamwana mstari mmoja, nina akili kweli? Tangu Tabita aolewe hajakutana na Baba uso kwa uso hata mara moja, ndiyo heshima yenyewe! Nikamwambia kura haijui ukwe. Mama akauliza kama huyo Damiano ameoa.

Jumatano, 13 Julai

Ushindi! Wa meupe wamejaza vikapu karibu mara mbili ya wenzao. Niliyaona yote, nimejificha nyuma ya mti. Baba kabla ya kuufikia mti anakohoa. Tabita akisikia kikohozi anajitanda kanga usoni, ananyakua kikapu, anakimbilia mti wa mbele. Baba naye akiiona kanga anageuka na kuruka miti mitatu. Wengine wanakimbia wasiachwe. Huku wanaimba, wanahema! Sijawahi kuona watu wakichangamshwa na wimbo namna hii.

Boazi analalamika kwamba mke wake amerudi na michubuko. Wivu tu. Yeye alipata jekundu.

Alhamisi, 14 Julai

Jaribio la kweli hurudiwa. Leo nimegeuza: walioimba wanyamaze, walionyamaza waimbe. Baba aliuliza, kwa upole sana, kama na kura ya maharage itapigwa upya. Nikasema hapana, makundi ni yale yale. Akaomba akae chini kidogo.

Wa meupe wameshinda tena! Kimya kabisa, isipokuwa kikohozi cha Baba.

Boazi akaruka. Mnaona? Wimbo si kitu! Ni mke wangu anayekimbizwa kama kuku!

Hapo aibu yangu yote iliniacha. Nikajibu mbele ya watu, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba wimbo wa jana ulikuwa bado umo mikononi mwao. Mama alifunika uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Machozi ya furaha, nadhani.

Ijumaa, 15 Julai

Nilipendekeza jaribio la tatu, la wiki nzima, makundi yale yale. Sijamaliza, Baba akasimama. Elimu yangu ameiona, akasema, tena inatosha. Watu waimbe wakitaka, wasiimbe wakitaka. Na mimi niende ualimu!

Aliyeunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote ni Boazi. Boazi!

Jumamosi, 16 Julai

Naondoka Jumatatu. Masomo yanaanza Januari, lakini Baba anasema njia ya Mbeya ni mbovu, ni vizuri kuwahi. Nitakaa kwa mama mdogo. Wifi Tabita amenifulia nguo zote, hata zilizokuwa safi. Boazi amenipa sanduku lake, na hataki nilirudishe.

Nyumba nzima kunipenda hivi, ndani ya wiki moja! Nimetafuta sababu kama nilivyofundishwa. Wiki hii hapa nyumbani nimebadilisha jambo moja tu. Ni wimbo.